Uzi Huu Ndio Ule?

Anayenunua ploti Kitengela huonywa mapema: usiamini karatasi, nenda Kajiado ukafanye serchi. Namba ya ardhi huweza kusomeka vizuri kabisa kwenye nakala ya hatimiliki, Kajiado/Kaputiei-North ikifuatwa na tarakimu zake, sawasawa na ilivyoandikwa kwenye mkataba wa dalali, na bado nyuma ya namba hiyo pasiwe na shamba. Shamba lilikatwa zamani. Msajili wa ardhi aliifunga rejista ya namba ile, akafungua rejista mpya, kila kipande na namba yake. Nakala iliyobaki kwenye bahasha ya muuzaji haijapata habari.

Mji huo una sababu ya kuwa mwangalifu. Ranchi ya kikundi ya Kitengela, mojawapo ya zile zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 iliyowapa wafugaji umiliki wa pamoja, iligawanywa kwa wanachama mwishoni mwa miaka ya 1980. Vipande vile vikakatwa tena, na vya pili navyo vikakatwa, hadi kufikia ploti za futi 50 kwa 100 zinazotangazwa kando ya barabara ya Namanga. Sensa ya 2019 ilikuta watu zaidi ya 150,000 mjini humo. Mnunuzi akishaona namba mbili zimelingana, bado ana maswali ya kuuliza: namba hii ilikuwa ya shamba gani, tangu lini, na je, rejista yake iko wazi?

Mwandishi wa programu katika lugha ya C hukutana na maswali hayo hayo, ila kwake mambo hubadilika ndani ya chembe ya sekunde, na hakuna masjala ya kwenda kuulizia.

Programu nyingi za leo hazipangi kazi zao kwenye foleni moja. Hujigawa katika nyuzi, yaani mikondo ya utekelezaji inayokwenda sambamba ndani ya programu moja na kutumia kumbukumbu moja. Simu ya Android iliyofungwa kwenye usukani wa bodaboda pale Kitengela ina makumi ya nyuzi ndani ya programu moja tu ya ramani: mmoja unachora kioo, mwingine unaleta data kutoka mtandaoni, nyingine zinaandika kwenye hifadhi au kusubiri kuamshwa. Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux na Android zikiwemo, kila uzi hupewa kitambulisho cha aina iitwayo pthread_t. Uzi wenyewe hujitambua kwa kuita pthread_self, na aliyeuzaa hupewa kitambulisho chake na pthread_create.

Haja ya kulinganisha vitambulisho hujitokeza haraka. Funksheni inayogusa kioo inataka kujua kama imeitwa na uzi mkuu au na uzi wa pembeni. Uzi unaotaka kufungua kufuli unataka kuhakikisha kwamba ndio ulioifunga. Uzi unaosubiri wenzake wamalize unatakiwa usijisubiri wenyewe, maana hapo hautaamka kamwe. Baadhi ya mifumo huligundua kosa hilo na kurudisha msimbo EDEADLK, lakini si busara kulitegemea.

Mwanafunzi wa muhula wa pili, awe Africa Nazarene kule Ongata Rongai au chuo kingine chochote, ataandika alama mbili za usawa, ==, na kwenye kipakatalishi chake chenye Ubuntu programu itakubali. Mwalimu atamwambia atumie pthread_equal. Mwanafunzi akichungulia ndani ya glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Ubuntu, atakuta kwamba pthread_equal nayo inafanya == na hakuna kingine. Basi atajiona amesumbuliwa bure.

Kumsumbua huko kuna historia. Kiwango cha nyuzi cha POSIX, mapatano ya pamoja ya mifumo ya jamii ya Unix, kilipopitishwa mwaka 1995, kila mtengenezaji alikuwa na mfumo wake wa Unix na namna yake ya kutunza nyuzi. Kiwango kikaachia mlango wazi, na masahihisho yaliyofuata yakaufungua zaidi: pthread_t haikulazimika tena kuwa namba. Inaweza kuwa namba, kielekezi, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu, au strakti, yaani kifurushi chenye sehemu kadhaa. Kwenye Linux yenye glibc ni namba nzima isiyo na alama ya hasi. Kwenye macOS na FreeBSD ni kielekezi. Katika Pthreads-w32, maktaba iliyobeba nyuzi hizi hadi Windows, ilikuwa strakti yenye vitu viwili, kielekezi na kihesabio. Lugha ya C hairuhusu kulinganisha strakti mbili kwa ==, kwa hiyo msimbo uliopita bila tatizo Ubuntu ungekataliwa hapo na kompaila. Kuna anayefikiri atakwepa kwa memcmp, inayolinganisha baiti kwa baiti. Naye huanguka kwenye baiti za kujazia ambazo kompaila huzipachika katikati ya sehemu za strakti. Hizo huweza kubeba takataka yoyote, na strakti mbili zenye maana moja zikaonekana tofauti.

Kile kihesabio cha Pthreads-w32 hakikuwekwa kwa mapambo. Kilikuwa kikiongezeka kila mara kumbukumbu ya uzi uliokwisha ilipotumiwa tena kwa uzi mpya, ili kitambulisho cha zamani kisilingane na kipya hata kama vielekezi vyao ni kimoja. Aliyewahi kuona kadi ya kijani ya shamba katika masjala ya ardhi ataitambua fikra hiyo: juu ya kadi pameandikwa toleo la rejista na tarehe ilipofunguliwa, si namba ya shamba peke yake.

Glibc haina kihesabio cha aina hiyo, na hapo ndipo somo la darasani hukatika katikati. Wanafunzi wengi hufundishwa kwamba wakitumia pthread_equal wamekuwa salama. Wamekuwa salama dhidi ya kompaila tu.

Jaribio lake ni fupi na linaweza kufanywa na yeyote mwenye Linux. Programu iunde uzi, iusubiri umalize kwa pthread_join, ichapishe kitambulisho chake. Kisha iunde uzi wa pili, isubiri, ichapishe tena. Kwenye kompyuta ya kawaida ya biti 64 zitatoka namba za tarakimu 15 zinazoanza na 139 au 140, na kwa kawaida namba ya kwanza na ya pili zitakuwa zile zile. Uzi wa kwanza ulishakufa na kuzikwa kabla wa pili haujazaliwa. Ukimpa mtu zile namba mbili na kumwambia azipitishe kwenye pthread_equal, atajibiwa ndiyo.

Sababu inaeleweka ukijua namba ile imetoka wapi. Kila uzi unahitaji staki yake, yaani eneo la kumbukumbu la kuweka vigeu vya ndani na njia ya kurudia. Kwenye Linux nyingi eneo hilo ni megabaiti 8 za anwani. Glibc huweka rekodi ya uzi kwenye ncha ya juu ya eneo hilo hilo, na pthread_t ni anwani ya rekodi hiyo tu. Kuomba eneo jipya kutoka kwenye keneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, kila mara ni gharama, hivyo uzi ukifa glibc hairudishi staki papo hapo. Huiweka kwenye akiba yake, ambayo kwa kawaida ina kikomo cha megabaiti 40, ikingoja uzi utakaofuata. Uzi ukija hupewa staki iliyoko akibani. Staki ile ile, ncha ile ile, anwani ile ile, kitambulisho kile kile. Hakuna aliyekosea, ni uchumi mzuri wa kumbukumbu.

POSIX yenyewe inasema wazi kuhusu jambo hili. Maisha ya kitambulisho huisha uzi unapomalizika na kusubiriwa kwa pthread_join, au unapomalizika ukiwa umeachiliwa kwa pthread_detach. Baada ya hapo mfumo una ruhusa ya kukigawa tena, na programu inayoendelea kukitumia, hata kwa kukilinganisha tu, imeingia kwenye tabia isiyofafanuliwa: kiwango hakiahidi jibu lolote, la kweli wala la uongo. Kwa uzi wa kusubiriwa msimamizi anajua lini namba imekufa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeita pthread_join. Uzi ulioachiliwa hauna msimamizi. Humaliza kazi yake wakati wowote, na aliyeshika nakala ya kitambulisho chake hana njia ya kujua kama bado kina mwenyewe. Kwa maoni ya mwandishi wa safu hii, kuhifadhi pthread_t ya uzi ulioachiliwa ni kosa la usanifu tangu mstari wa kwanza, hata kabla halijaleta madhara.

Chukua mfano wa kubuni: seva ya sacco ya matatu yenye njia ya Kitengela hadi Nairobi. Kila kondakta anapotuma hesabu ya safari, seva huunda uzi, huuachilia, na uzi huandika kwenye faili la kumbukumbu kitambulisho chake pamoja na kiasi alicholeta kondakta. Mchana kukiwa na pilika, nyuzi nyingi ziko hai kwa pamoja na vitambulisho vinatofautiana. Alfajiri, matatu zinapokuja moja moja, kila uzi unachukua staki iliyoachwa na mwenzake. Mkaguzi akifungua faili atakuta kitambulisho kimoja kimeleta pesa za magari saba. Akiwa mgeni katika mambo haya atadhani kondakta mmoja alituma mara saba, au mfumo umerudia muamala mmoja. Hesabu ziko sawa kabisa. Kilichomchanganya ni kuisoma namba ya uzi kama jina la kudumu.

Hilo ni dogo. Kubwa ni pale seva ileile inapotunza kufuli ya leja kwa kigeu kiitwacho mwenye_kufuli. Uzi unaotaka kuingia huuliza kama mwenye_kufuli ni yeye mwenyewe; ikiwa ndiye, unapita bila kusubiri. Uzi mmoja ukafa kwa njia ya hitilafu bila kufuta jina lake. Uzi mpya ukazaliwa kwenye staki ileile, ukauliza swali, ukaambiwa ndiyo, wewe ndiye mwenye kufuli. Ukaingia kwenye leja ambayo mtangulizi wake aliiacha nusu imeandikwa. Kosa la namna hii halijitokezi kwenye majaribio, kwa sababu linahitaji kifo na kuzaliwa kupishana kwa mpangilio mmoja maalumu. Hujitokeza mwisho wa mwezi.

Ipo pia mitego midogo inayostahili kutajwa kwa haraka. Hadi toleo lake la 2024, POSIX haikuwa na kitambulisho cha "hakuna uzi". Watu wengi huweka sifuri kama alama ya kufuli isiyo na mwenyewe, na kwenye glibc hufaulu kwa kuwa sifuri haitakuwa anwani ya rekodi, lakini kiwango hakikuahidi hivyo; njia inayofaa kila mahali ni kuweka kigeu cha pili kando kinachosema kama kile cha kwanza kina maana. Tena, pthread_equal hujibu ndiyo au hapana tu. Haisemi kipi kikubwa na kipi kidogo, kwa hiyo vitambulisho haviwezi kupangwa kwenye mti wa kutafutia kwa njia itakayokubalika kila mahali. C11, toleo la lugha ya C lililoleta thrd_t na thrd_equal, lilirithi ufinyu huo huo. C++11 ilikuwa na ukarimu zaidi: std::thread::id ina mpangilio kamili, na ina thamani ya mwanzo ambayo maana yake ni kwamba hakuna uzi.

Mtego wa mwisho wa kundi hili huwapata hata wazoefu. Mzazi anaita pthread_create na kuagiza kitambulisho kiwekwe kwenye kigeu cha pamoja. Mtoto anaamka na kukisoma kigeu hicho ajilinganishe. Mtoto anaweza kuanza kukimbia kabla mzazi hajarudi kutoka kwenye wito wake. Atasoma kigeu kitupu, au atakisoma kikiwa kinaandikwa. Uzi unaotaka kujijua uite pthread_self, usiulize kwa jirani.

Baadhi ya watu, wakishaelewa habari ya staki, hukimbilia gettid. Hii hurudisha namba ambayo keneli ya Linux yenyewe imeupa uzi, namba fupi inayoonekana pia kwenye top na ps. Glibc ilichelewa kuiletea kifuniko; kabla ya toleo la 2.30 la Agosti 2019, mwandishi alilazimika kuita syscall mwenyewe. Ndani ya mashine moja, namba ya keneli ina faida kubwa: haina uhusiano na anwani ya staki, na keneli huigawa kwa kupanda, ikirudi mwanzo baada ya kufika kikomo. Kikomo cha asili ni 32,768, na kwenye mashine za biti 64 kinaweza kupandishwa hadi 4,194,304. Kwa hiyo nayo hurudiwa, ila baada ya muda mrefu zaidi. Kwenye seva inayozaa nyuzi 100 kwa sekunde, kikomo cha chini huzungukwa kwa chini ya dakika sita.

Watunzaji wa Linux walijua tatizo hili tangu zamani. Wito tkill, uliotuma ishara kwa uzi kwa namba yake tu, uliachwa kwa ajili ya tgkill, ulioingia kwenye toleo la 2.5.75 na kudai vitu viwili: namba ya mchakato na namba ya uzi ndani yake. Sababu iliyoandikwa kwenye mwongozo ni hiyo hiyo tunayoizungumzia, kwamba uzi huweza kufa, namba yake ikapewa mwingine, na ishara ikampata asiyehusika. Namba mbili hupunguza hatari, haziondoi. Dawa kamili zaidi ilianza mwaka 2019 kwa pidfd, ambapo programu hushika mpini wa mchakato badala ya namba yake. Mpini hauhamii kwa mchakato mpya hata namba ikigawiwa tena. Nyuzi zilipata mpini wa aina hiyo katika Linux 6.9, mwaka 2024.

Android ilichagua ukali. Zamani, ukiipa pthread_join au pthread_kill kitambulisho kisicho halali, Bionic, maktaba ya C ya Android, ilirudisha msimbo wa kosa ESRCH na programu nyingi zikaupuuza. Kuanzia Android 8.0 ya mwaka 2017, kwa programu zinazolenga toleo hilo au la baadaye, Bionic huiua programu papo hapo na kuandika kwamba imejaribu kutumia pthread_t isiyo halali. Hata ukali huo una mpaka wake: kama kitambulisho cha zamani kimeshapata mwenyewe mpya, Bionic itakiona ni halali.

Kwa nini basi usiwepo utambulisho wa kudumu? Upo, lakini mwandishi hujitengenezea mwenyewe, na kazi hiyo ni nyepesi kuliko hofu inayoizunguka. Anaweka kihesabio kimoja cha pamoja cha biti 64, cha aina ya _Atomic ili nyuzi mbili zisichukue namba moja. Kila uzi unapoanza hukiongeza kwa moja na kuhifadhi matokeo katika kigeu chake binafsi kilichotangazwa kwa _Thread_local. Vyote viwili vimo kwenye C11. Kuanzia hapo kulinganisha ni == ya kawaida kati ya namba nzima mbili, sifuri inaweza kutengwa kuwa na maana ya "hakuna", na kupanga kwa ukubwa kunaruhusiwa. Programu ikizaa nyuzi milioni moja kila sekunde bila kupumzika, itachukua zaidi ya miaka 580,000 kumaliza namba.

Namba hii ya nyumbani haichukui nafasi ya pthread_t. Pthread_join bado inadai kitambulisho cha mfumo, na swali la "je, ninayetekeleza sasa ndimi uzi mkuu?" linajibika vizuri kwa pthread_equal, maana pande zote mbili ziko hai wakati swali linaulizwa. Lakini chochote kitakachoandikwa na kusomwa baadaye, iwe leja, faili la kumbukumbu au jina la mwenye kufuli, kibebe namba isiyorudiwa.

Kwenye faili la kumbukumbu la ile seva ya sacco, mstari mmoja wenye manufaa ungekuwa na vitu vitatu: namba ya kihesabio, namba ya gettid, na saa. Namba ya kihesabio ndiyo ya kumwonyesha mkaguzi. Namba ya gettid ni ya fundi wa zamu, ili seva inapokwama saa nane usiku afungue top -H, aone uzi unaokula prosesa, kisha atafute namba hiyo hiyo kwenye mistari ya dakika tano zilizopita.